Kila Mmoja Alijua Kipande: Kwa Nini Wanafunzi wa Afya Wafundishwe Pamoja



Kila Jumamosi asubuhi, sisi mafrateri wawili wa falsafa hutumwa na walezi wetu kuwatembelea wagonjwa katika hospitali moja ambayo, kwa heshima ya wagonjwa na wahudumu wake, hatutaitaja. Utume wetu ni mdogo: kuwasalimu wagonjwa, kuwasikiliza, kusali na wanaotaka, na kumpelekea padre majina ya wanaohitaji kitubio, Mpako wa Wagonjwa au Komunyo. Ndivyo tulivyoelekezwa, na tulidhani kazi yetu inaishia hapo.

Jumamosi moja tulimkuta mzee mmoja katika wodi ya upasuaji ya wanaume. Alikuwa na kisukari, na mguuni alikuwa na kidonda kilichosubiri kusafishwa katika chumba cha upasuaji. Tulipomwamkia aliitikia kwa sauti ya chini: "Marahaba, wanangu. Leo sina nguvu. Tangu juzi usiku sijatia kitu tumboni." Jasho lilikuwa linamtoka na mikono inatetemeka. Tukadhani ni hofu ya kisu. Tukamtia moyo, tukasali naye Baba Yetu na Salamu Maria, tukahamia kitanda kilichofuata.

Haikupita saa moja, mzee akapoteza fahamu. Aliyemwona wa kwanza alikuwa mama aliyekuwa anapiga deki, naye ndiye aliyepaza sauti kuita msaada. Walimpima sukari wakakuta imeshuka mno. Wakamwekea glukosi kwenye mshipa, akazinduka. Tunamshukuru Mungu, alipona. Jumamosi iliyofuata tulimkuta ameketi kitandani anakunywa uji. Akatutazama, akasema bila hasira yoyote: "Wanangu, si niliwaambia?"

Mzee ametupa ruhusa ya kulisimulia tukio hili, nasi tumeacha mambo ambayo yangemtambulisha. Swali lake limetusumbua tangu siku ile, na ndilo lililotufanya tuandike makala haya.

Kila mmoja alikuwa na kipande chake

Baadaye dada mmoja, mwanafunzi wa uuguzi, alitueleza jinsi mambo yalivyokuwa. Mzee alipangiwa upasuaji siku ya Ijumaa, hivyo aliagizwa asile chochote kuanzia Alhamisi usiku, na insulini yake ya Ijumaa ikasimamishwa. Hayo yote yalikuwa sahihi. Ijumaa mchana akaletwa mama mjamzito wa dharura, chumba cha upasuaji kikachukuliwa, mzee akaahirishwa. Hilo nalo lilikuwa sahihi, maana maisha mawili yalikuwa hatarini.

Kuanzia hapo ndipo habari zilipokatikakatika. Daktari wa upasuaji alijua kwamba mzee ameahirishwa, akaamini wodi itampa chakula. Wauguzi wa zamu ya usiku waliona kile kikaratasi cha "asile" bado kimebandikwa kitandani, wakaamini upasuaji umesogezwa hadi kesho yake asubuhi. Mke wa mzee alikuja na uji kwenye chupa, akaambiwa mgonjwa haruhusiwi kula, akarudi nao nyumbani. Jumamosi alfajiri daktari aliye katika mafunzo kwa vitendo alipitia faili, akaona upasuaji haukufanyika, akaandika insulini irudishwe kama kawaida, akiamini mgonjwa anakula. Muuguzi wa zamu akachoma sindano kama ilivyoandikwa. Mwanafunzi wa ufamasia, aliyekuwa kwenye raundi, aliona dawa imerudishwa na kipimo chake hakina kosa, lakini hakuuliza kama mgonjwa anakula, kwa kuwa alijua mambo ya chakula ni ya wauguzi.

Na yule dada mwanafunzi? Yeye alijua. Alikuwa ameongea na mke wa mzee, akajua hajala. Aliiona sindano ikichomwa, moyo wake ukashtuka. Tulipomuuliza kwa nini hakusema, alijibu: "Frateri, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Daktari ameandika, sista amechoma. Mimi nitasema nini?"

Tukitafuta mzembe katika habari hii, hatumpati, na ndiyo maana inatisha. Kila mtu alitimiza wajibu wake kama alivyofundishwa. Kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli mkononi, na hapakuwa na mtu wa kuviunganisha vipande. Kipande kikubwa kuliko vyote, tena kutoka kinywani mwa mgonjwa mwenyewe, tulipewa sisi. Tukasali, tukaondoka nacho.

Hoja yetu ni hii: kufanya kazi pamoja kitandani kwa mgonjwa ni stadi inayofundishwa, na inapaswa kufundishwa kwa wanafunzi wa fani mbalimbali wakiwa pamoja, kabla kila mmoja hajajifungia ndani ya koti lake. Vyuo na hospitali za Kanisa zina sababu za pekee za kuwa mstari wa mbele katika jambo hili, nasi waseminari tunapaswa kuwa na kiti katika darasa hilo.

Wanasoma mbalimbali, wanakutana kwa mgonjwa

Tuangalie namna wahudumu wetu wanavyoandaliwa hapa Tanzania. Mwanafunzi wa udaktari husoma chuo kikuu kwa miaka 5, kisha mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo. Anayesomea shahada ya uuguzi au ya ufamasia husoma miaka 4, naye huwa na mwaka wake wa vitendo. Wa stashahada ya uuguzi au ya utabibu husoma miaka 3. Kila kundi lina mtaala wake, walimu wake, mitihani yake, sare yake na baraza lake la taaluma. Hata pale wanaposoma katika chuo kimoja, wanaweza kupishana koridoni miaka yote bila kuketi mara moja mbele ya mgonjwa mmoja na kuulizana, "Wewe unaona nini hapa?"

Kila kundi hujifunza pia jambo lingine lisiloandikwa kwenye mtaala wowote: nani mkubwa na nani mdogo, nani anauliza na nani anajibu. Somo hilo halina mtihani, lakini wote hufaulu. Siku wanapoajiriwa tunawaambia, "Haya, sasa muwe timu."

Wanakwaya wataelewa upesi. Sauti ya kwanza inaweza kufanya mazoezi chini ya mwembe, ya pili sakristia, ya tatu na ya nne darasani. Lakini hakuna mwalimu wa kwaya anayezikutanisha sauti nne kwa mara ya kwanza kwenye Misa ya Pasaka, askofu akiwa mbele. Lazima kuwe na siku za kuimba pamoja, kusimamishana, kurudia pale sauti zinapogongana. Tunachokikataa kwa wimbo wa dakika 4, tunakikubali kwa uhai wa mtu.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu elimu ya namna hii. Kiini chake ni kwamba wanafunzi wa fani mbili au zaidi wajifunze kuhusu wenzao, wajifunze kutoka kwa wenzao, na wajifunze pamoja na wenzao, ili washirikiane vizuri na afya za watu ziwe bora. Sisi wa falsafa tumezoea kupima maneno, na maneno hayo matatu hayafanani. Kujaza wanafunzi wa udaktari na wa uuguzi katika ukumbi mmoja wasikilize somo moja la anatomia ni kuwaweka mahali pamoja tu. Kujifunza kutoka kwa mwenzako kunadai kwanza ukubali kwamba anajua kitu usichokijua.

Jambo hili si ndoto. Chuo Kikuu cha Linköping nchini Sweden kilianza mwaka 1986 kuwafundisha pamoja wanafunzi wa fani mbalimbali za afya, na mwaka 1996 kikafungua wodi ya mafunzo ambamo wanafunzi wa udaktari, uuguzi na tiba ya viungo huwahudumia wagonjwa halisi kama timu moja, walimu wakiwa pembeni wanawasimamia. Humo mwanafunzi wa udaktari huona kwa macho yake kazi ya kumgeuza na kumlisha mgonjwa. Mwanafunzi wa uuguzi naye huona uzito wa kuandika agizo ambalo likikosewa jina lako ndilo lililoko chini yake.

Ni stadi, haitoshi kuwa na moyo mwema

Wengi wetu Wakristo tukisikia neno ushirikiano tunakimbilia kusema, "Wapendane tu, mengine yatakuja." Tunakubali kwamba upendo ndio mzizi. Lakini wote waliomhudumia mzee wetu walikuwa watu wema, na sisi tulikuwa tumetoka kwenye Misa ya asubuhi. Wema peke yake haukumwambia mtu yeyote aseme nini, kwa nani, kwa maneno gani.

Aristotle alifundisha kwamba fadhila hupatikana kwa kutenda, kama vile ujenzi unavyojifunzwa kwa kujenga. Mtu hawi jasiri kwa kusoma kitabu cha ujasiri. Vivyo hivyo, yule dada hakuhitaji mahubiri ya kumwambia awe jasiri. Alihitaji kuwa amewahi kufanya mazoezi ya kusema, mahali ambapo kukosea hakuui mtu.

Mazoezi hayo yapo, nayo ni mepesi kuyaeleza. Moja ni utaratibu wa kutoa taarifa kwa hatua nne, ulioanzia kwa wanamaji wa nyambizi za Marekani kisha ukaingizwa hospitalini: hali ilivyo sasa, historia yake, mimi ninaonaje, na ninaomba nini kifanyike. Laiti dada yetu angekuwa amefundishwa, angemwendea sista na kusema: "Sista, mzee wa kisukari anatoka jasho na kutetemeka. Hajala tangu Alhamisi usiku, upasuaji uliahirishwa, na leo amechomwa insulini. Nadhani sukari inashuka. Naomba tumpime sasa hivi." Sentensi nne, hazifiki nusu dakika. Hakuna tusi wala kiburi ndani yake.

Zoezi la pili ni kurudia agizo. Anayepokea agizo kwa mdomo hulirudia kwa sauti, na aliyelitoa huthibitisha, ili kilichosikika kiwe ndicho kilichosemwa. La tatu ni kanuni ya kusema mara mbili: ukiona hatari ukasema, usiposikilizwa unasema tena kwa uwazi zaidi, na ukipuuzwa tena unakwenda kwa aliye juu yake, na hilo halihesabiwi kuwa utovu wa nidhamu. La nne ni kikao kifupi kabla ya zamu na kingine baada yake, ambamo timu hujiuliza nini kilikwenda vizuri na nini hapana, bila kumtafuta wa kumtwisha lawama.

Marubani walilipata somo hili kwa uchungu kabla ya waganga. Tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife, ndege mbili kubwa ziligongana uwanjani kwenye ukungu, wakafa watu 583. Ndege moja ilianza kukimbia ili kuruka wakati nyingine ilikuwa bado kwenye njia ileile. Ndani ya chumba cha marubani cha ile iliyokuwa inaruka, fundi wa ndege aliuliza kama ile nyingine imekwisha kuondoka njiani. Nahodha, mtu mwenye sifa kubwa na mwalimu wa marubani katika kampuni yake, akajibu kwa uhakika kwamba imeondoka. Fundi akanyamaza. Miaka iliyofuata mashirika ya ndege yalianza kuwafundisha marubani na wasaidizi wao kwa pamoja namna ya kusema na namna ya kusikiliza, kwa sababu ilidhihirika kwamba ustadi wa mtu mmoja, hata uwe mkubwa kiasi gani, unaweza kuanguka kwa kukosa sikio.

Somo lililopita Ifakara

Kwa upande wa hospitali, mfano mmoja maarufu duniani unagusa nyumbani kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti kabla, wakati na baada ya upasuaji. Majaribio yalifanyika katika hospitali 8 za miji 8, zikiwemo za London, Toronto, Seattle, New Delhi na Manila. Mojawapo ya hizo 8 ilikuwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, hospitali ya Kanisa katika bonde la Kilombero.

Katika orodha ile kuna jambo ambalo mtu anaweza kulidharau: kabla ya kisu kugusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Daktari wa upasuaji, mtaalamu wa usingizi, muuguzi, wote. Mtu aliyekwisha kusikika mara moja huona wepesi wa kusema tena pale anapoona hatari. Matokeo ya hospitali zote 8 kwa jumla yalichapishwa mwaka 2009: vifo vya wagonjwa waliofanyiwa upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Hatudai kwamba kutajana majina peke yake ndiko kulikookoa watu. Orodha ilikuwa pia na mambo ya dawa, damu na vifaa. Lakini ilikuwa orodha ya kusomwa na timu kwa sauti, haikuwa ya mtu mmoja kujaza kimyakimya.

Hapa tuwe wakweli. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, hospitali 101 ziliagizwa kutumia orodha ya namna hiyo, na utafiti uliochapishwa mwaka 2014 haukuona upungufu wa maana wa vifo. Watu wanaweza kubishana kuhusu sababu zake. Sisi tunaona kwamba karatasi haina uhai yenyewe. Tiki inaweza kuwekwa kwenye kisanduku na kila mtu akabaki kimya vilevile, kama sisi tunavyoweza kusali Masifu ya asubuhi midomo ikiwa kanisani na akili ikiwa kwenye mtihani wa metafizikia. Ndiyo maana tunasisitiza kufundisha, tena mapema. Agizo linaweza kutolewa kwa siku moja. Mazoea yanahitaji miaka.

Heshima inayofunga mdomo

Kuna jambo tunalopaswa kulisema kwa upole, kwa sababu limo ndani ya malezi yetu wenyewe. Tumelelewa kuambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo ni ya kweli, na vijana wengi wamevunjika guu kwa kuidharau. Lakini haijibu swali lingine: mkuu asiposikia la mdogo, nani huvunjika? Katika habari yetu, nusura avunjike mgonjwa.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, anapoeleza fadhila ya busara, anataja sehemu yake mojawapo kuwa ni utayari wa kufundishwa. Hoja yake ni kwamba mambo ya kutenda yana sura nyingi mno, na hakuna mtu mmoja anayeweza kuyaona yote peke yake kwa muda mfupi. Hivyo kila mtu huhitaji kufundishwa na wengine, na hata wakubwa hawajitoshelezi katika yote. Naye Mtakatifu Benedikto katika Kanuni yake anamwagiza abati awaite ndugu wote kwenye shauri kunapokuwa na jambo zito, kwa sababu mara nyingi Bwana humfunulia aliye mdogo lililo bora. Ndugu wote wakishasikilizwa, anayeamua ni abati.

Hivyo kumsikiliza mdogo si kitu kilicholetwa na wageni kuja kuvunja heshima yetu. Ila tukubali kwamba heshima yetu inahitaji lugha yake. Mwanafunzi wa Kitanzania hatamwambia daktari bingwa "umekosea" mbele ya watu, wala hatumshauri afanye hivyo. Lakini anaweza kufundishwa kusema, "Samahani daktari, naomba unisaidie kuelewa: mzee huyu hajala, je, tuendelee na insulini?" Swali hilo lina shikamoo ndani yake na lina ukweli ndani yake. Daktari naye anaweza kufundishwa kulijibu kwa "ahsante kwa kuuliza" badala ya kumkazia macho. Vitu hivyo viwili lazima vifundishwe siku moja, chumba kimoja. Ukimfundisha mdogo kusema bila kumfundisha mkubwa kusikia, unampeleka mtoto wa watu kuumizwa.

Wanaotupinga wana hoja

Wapo watakaosema, manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli, na hakuna anayependekeza manahodha wengi. Daktari atabaki na wajibu wa maamuzi yake, na sheria itamdai yeye. Tunachoomba ni nahodha mmoja anayesikia mabaharia wakisema kuna mwamba mbele.

Wengine watasema mitaala imejaa, walimu ni wachache, na vyuo havina vyumba vya mazoezi vyenye vifaa vya gharama. Hoja hii ni nzito kuliko ya kwanza. Jibu letu ni kwamba mwanzo unaweza kuwa mdogo. Mchana mmoja kwa wiki unatosha: wanafunzi watano wa fani tano, mgonjwa mmoja aliyeridhia, na walimu wawili wa fani tofauti. Kila mwanafunzi aongee na mgonjwa, kisha waketi pamoja wapange huduma yake, wakieleza nani atafanya nini na nani atamwambia nani. Igizo la kukabidhiana zamu halihitaji umeme wala mashine. Linahitaji walimu wenyewe waonekane wakishauriana mbele ya wanafunzi, na huenda hiyo ndiyo sehemu ngumu zaidi. Kisha ushirikiano huo upewe alama kwenye mtihani, maana sote tuliokaa darasani tunajua kwamba kisichotahiniwa hakisomwi.

Kanisa katika nchi yetu halianzi mikono mitupu. Chuo Kikuu Katoliki cha Sayansi za Afya Bugando, Mwanza, kilichoanza mwaka 2003 na kinachomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kina wanafunzi wa udaktari, uuguzi, ufamasia na maabara kando ya hospitali kubwa ya rufaa. Majimbo mengi yana hospitali pamoja na chuo cha uuguzi ndani ya uzio mmoja. Mahali ambapo fani hizi tayari ni majirani, gharama kubwa ya kuwakutanisha ni kuamua.

Na sisi mafrateri, na ninyi waamini?

Tungeweza kuishia hapo, tukiwa tumewashauri madaktari na wauguzi. Lakini mzee hakuuliza kwa nini daktari hakuambiwa. Alituuliza sisi.

Sisi nasi tunalelewa mbali na wale tutakaofanya nao kazi. Tutamaliza falsafa na teolojia, tutapewa daraja, na siku moja tutakabidhiwa parokia yenye katekista aliyehudumu miaka 30, masista wenye zahanati, mwenyekiti wa halmashauri ya walei na viongozi wa jumuiya ndogondogo. Nani ametufundisha kumsikiliza katekista anapotuambia, kwa adabu, kwamba ratiba yetu ya vigango haitafaa msimu wa kilimo? Tusipojifunza sasa, tutakuwa manahodha wanaojibu kwa uhakika kwamba njia iko wazi.

Kwa hiyo tunawaomba walezi wetu mambo mawili. Kwanza, kabla frateri hajatumwa hospitalini, apate siku moja ya kuketi na wauguzi wa wodi husika, ajue nani wa kumwambia nini, na ajue mpaka wake: siri ya mgonjwa haitangazwi, lakini mgonjwa akikuambia hajala au ana maumivu mapya, unamwomba ruhusa na unapeleka habari hiyo kwa muuguzi palepale. Pili, pale seminari inapokuwa karibu na chuo cha afya, wachache wetu tualikwe katika hayo mazoezi ya pamoja. Mgonjwa ana roho na mwili, na wanaohudumia vyote viwili wanapaswa kufahamiana kwa majina.

Nanyi ndugu waamini, msijione wageni wodini. Mke wa mzee wetu ndiye aliyejua kuliko wote mumewe amekula nini na lini. Ukimuuguza mtu wako, uliza: "Upasuaji umeahirishwa, je, ale?" Ukijibiwa kwa haraka, uliza tena kwa upole. Wewe pia ni sehemu ya timu, hata kama huna sare.

Marko, katika sura ya 2 ya Injili yake, anasimulia habari za mtu aliyepooza aliyebebwa na watu wanne. Hatuambiwi majina yao. Tunajua tu kwamba njia ya mlangoni ilipozibwa na umati walitafuta njia ya juu, wakafungua dari, wakamteremsha. Mkeka unaoshushwa na watu wanne una pembe nne. Mmoja akilegeza kamba bila kuwaambia wenzake, mgonjwa anaanguka, hata kama wale watatu ni hodari. Lazima walikuwa wanaambizana: subiri, legeza kidogo, sasa shusha. Na Bwana, anasema Marko, aliiona imani yao wote.

Siku hizi bado tunakwenda Jumamosi. Tunasalimu, tunasikiliza, tunasali. Kisha, kabla ya kuondoka, tunapita kwenye meza ya wauguzi. Mara nyingi hatuna la kusema zaidi ya kuwatakia kazi njema. Lakini wiki iliyopita tulikuwa nalo. Tukasema: "Sista, mgonjwa wa kitanda cha saba ameturuhusu tukuambie kwamba tangu jana hajapata haja ndogo." Sista akaacha kuandika, akainuka, akaenda.